Dhamana ipi unayoisema?

Chukua gazeti lolote la Kiswahili uone neno "dhamana" linavyotumikishwa. Ukurasa wa mbele, mtuhumiwa amenyimwa dhamana. Ukurasa wa biashara, Benki Kuu imepiga mnada dhamana za serikali na zimegombewa. Ukurasa wa siasa anatajwa waziri mwenye dhamana ya maji. Kwenye michezo timu imepata mdhamini mpya. Ukimaliza, fungua simu: kwenye kundi la WhatsApp kuna mtu ameapa kwamba bandari imewekwa dhamana kwa Wachina, na chini yake watu arobaini wameweka alama ya kulia.

Neno ni hilo hilo, mambo ni mbalimbali, na tatizo huanza pale mtu anapobeba maana ya ukurasa mmoja akaenda nayo kwenye ukurasa mwingine. Ndiyo maana unamsikia mtu mzima, msomi, akilalamika kwamba serikali "inauza dhamana" kana kwamba inauza viwanja vya umma. Mwingine anaona mshtakiwa ametoka kwa dhamana, anahitimisha kuwa kesi imekwisha na hakimu amekula.

Tuanzie chini kabisa, dukani kwa Mangi. Unataka soda ya chupa ya kioo ukanywee nyumbani, na huna chupa tupu ya kubadilisha. Mangi atakudai bei ya soda, kisha atakudai na pesa ya chupa. Hiyo ya pili si malipo. Ukirudisha chupa unarudishiwa. Usiporudisha, Mangi hana hasara na wala hana haja ya kukutafuta. Hapo dhamana yote imetimia: kuna ahadi (nitarudisha chupa), kuna aliyeahidi, na kuna kitu ambacho aliyeahidi atakipoteza akivunja ahadi. Kila mahali utakapokutana na neno hili, tafuta hivyo vitatu. Kinachobadilika ni nani ameahidi, ameahidi nini, na nini kitapotea.

Mahakamani

Huku ndiko neno linakojulikana zaidi, na ndiko linakoeleweka vibaya zaidi. Ahadi ya mahakamani ni moja tu: mshtakiwa atarudi siku ya kesi. Haihusu kama ametenda kosa au hakutenda. Dhamana haimsafishi mtu, kama ambavyo kukaa mahabusu hakumfanyi kuwa mwizi.

Tazama sentensi ambayo waandishi wa habari za mahakama Tanzania huiandika karibu kila siku: mshtakiwa awe na wadhamini wawili wanaoaminika, wenye barua kutoka serikali ya mtaa na nakala za vitambulisho, kila mmoja asaini bondi ya Sh5 milioni. Wasomaji wengi hapo huona milioni kumi zikihesabiwa mezani. Hakuna shilingi iliyotoka. Kusaini bondi ni kuandika kwamba "huyu akitoroka, mimi nitadaiwa kiasi hiki." Akihudhuria tarehe zote mpaka hukumu, mdhamini anaondoka alivyokuja, hata kama mshtakiwa amefungwa miaka thelathini.

Wakati mwingine hakimu hudai pesa taslimu au hati ya mali isiyohamishika. Kenya pesa taslimu ni jambo la kawaida sana, na mtu hupewa uchaguzi: bondi ya kiasi fulani yenye mdhamini, au dhamana ya pesa taslimu ya kiasi kidogo zaidi. Pesa hiyo si faini. Inawekwa, inaandikiwa risiti, na kesi ikiisha inadaiwa kwa risiti ile ile. Waliozoea filamu za Kimarekani huchanganyikiwa hapa, kwa sababu kule kuna wafanyabiashara wanaomwekea mtu dhamana kwa ada ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya kiasi kilichotajwa, na ada hiyo ndiyo mapato yao, hairudi. Ya mahakamani kwetu inarudi. Ikitokea mtu kituoni anakudai hela "ya dhamana" na hataki kuandika risiti, basi anakudai kitu kingine chenye jina lake linalojulikana.

Kisha kuna hofu ya wadhamini: "Akikimbia nitafungwa mimi." Si kweli, lakini si uongo mtupu. Mdhamini hatumikii kifungo cha aliyemdhamini. Hukuti mtu gerezani kwa wizi wa shemeji yake. Mshtakiwa akiruka dhamana, mdhamini huitwa aeleze kwa nini asilipe kile alichosaini. Akishindwa kulipa, mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa. Mali isipopatikana, sheria za Tanzania na Kenya zote zinaruhusu afungwe kwa muda usiozidi miezi sita, na kifungo hicho ni cha deni lake mwenyewe. Kuna mlango ambao wengi hawaujui: mdhamini aliyeanza kuona dalili mbaya, simu hazipokelewi, nguo zimehamishwa, anaweza kwenda mahakamani kuomba ajitoe kabla mambo hayajaharibika. Mshtakiwa ataitwa atafute mdhamini mwingine, au arudi rumande.

Mpaka wa Namanga nao unaleta mkanganyiko wake. Mtanzania akisoma kwamba Nairobi mshukiwa wa mauaji ameachiliwa kwa dhamana, hushika kichwa. Kwao haiwezekani: sheria ya Tanzania inataja makosa yasiyo na dhamana kabisa, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Kenya walipita njia nyingine. Katiba yao ya 2010, ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti ya kuridhisha, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kumzuia. Ni upande wa mashtaka unaopaswa kuzionyesha: kwamba atatoroka, au atatisha mashahidi. Kwa hiyo jaji wa Nairobi aliyemwachilia mshukiwa wa mauaji huenda hakununuliwa na mtu, anafuata Katiba. Binafsi naona njia ya Kenya ina mantiki zaidi, kwa sababu inamlazimisha mtu kusimama na kueleza kwa nini huyu hasa asitoke. Orodha ya makosa haimwangalii mtu. Ukiandikiwa utakatishaji fedha kwenye hati ya mashtaka, utangoja ndani mpaka kesi iishe, hata kama mwisho wake utaachiwa huru.

Benki, na mdhamini wa Saccos

Benki ahadi ni kurejesha mkopo, na kinachosimama nyuma yake ni mali: hati ya nyumba, kadi ya gari, hisa, au akiba. Mali isiyohamishika ikifungwa hivyo tunasema imewekwa rehani, na kufunguliwa kwake ni mpaka shilingi ya mwisho. Kenya tangu 2017 ipo sheria inayokubali hata mali zinazohamishika, kama mashine, mifugo na bidhaa za ghalani, ziandikishwe kuwa dhamana ya mkopo. Ilikuwa hatua kubwa kwa wasio na hati ya ardhi, ambao ndio wengi.

Jambo moja hapa linavunja ndoa. Nyumba ambayo familia inaishi haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, Tanzania na Kenya vilevile, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sahihi ya kughushi ya mke, au "mke" aliyekodiwa kuja kusaini, imefikisha kesi nyingi mahakamani, na benki nyingine zimejikuta zimeshika hati isiyouzika.

Kuna pia dhamana ya mtu kwa mtu. Kwenye Saccos unakopa kwa kusimamiwa na wanachama wenzako, na akiba zao ndizo zinazofungwa. Watu husaini fomu hizi kwenye korido, wakiwa wamesimama, kwa sababu mwombaji ni rafiki wa ofisini. Ukisaini, akiba yako imezuiliwa kwa kiasi ulichodhamini. Huwezi kujitoa uanachama na kuondoka nayo mpaka mwenzako amalize au apate mtu wa kukurithi kwenye fomu. Na tofauti na mahakamani, hapa hakuna hakimu wa kwenda kumwambia umeona dalili mbaya. Soma pia kama fomu inahusu mkopo huu peke yake au "mkopo huu na mingine itakayofuata." Maneno hayo matatu ya mwisho yameshawala watu.

Msichanganye dhamana na amana. Amana ni pesa uliyoiweka wewe benki. Inalindwa na bima, kwa kiwango chenye kikomo: Kenya ni Sh500,000 kwa mteja kwa kila benki tangu 2020, na Tanzania kikomo kilipandishwa 2023 kutoka Sh1.5 milioni hadi Sh7.5 milioni. Benki ikifilisika, kinachozidi hapo unasubiri ufilisi.

Serikali inapoomba, na serikali inaposimama nyuma ya mwingine

Hili ndilo fundo lenyewe, kwa sababu maneno "dhamana ya serikali" yanabeba mambo mawili yanayopingana.

La kwanza ni zile "dhamana za serikali" zinazopigwa mnada na Benki Kuu. Hapo serikali ndiye mkopaji na wewe ndiye unayekopesha. Za muda mfupi Tanzania ni za siku 35, 91, 182 na 364. Kenya 91, 182 na 364. Unazinunua kwa bei pungufu: unatoa, tuseme, 94,000, na siku ya mwisho unalipwa 100,000. Za muda mrefu huitwa hati fungani, Tanzania zikianzia miaka 2 mpaka 25, na zinalipa riba kila baada ya miezi sita. Kenya ilijaribu 2017 kuziteremsha mpaka kwa mwananchi wa kawaida kwa M-Akiba, hati fungani iliyonunuliwa kwa simu kuanzia Sh3,000.

Sasa uliza maswali yetu. Nani ameahidi? Serikali. Ameahidi nini? Kulipa tarehe fulani. Nini kimewekwa? Hakuna. Hakuna hati ya jengo la Hazina uliyopewa ushike. Unachoshika ni neno la mwenye uwezo wa kutoza kodi. Kwa hiyo anayesema serikali ikiuza dhamana inauza nchi amekosea, na anayesema kununua dhamana za serikali hakuna hatari hata chembe naye amekosea. Waghana walilijua hilo Desemba 2022, serikali yao ilipotangaza mpango wa kubadilisha hati fungani za ndani: wenye nazo wakapewa nyingine zenye muda mrefu zaidi na riba ndogo. Hakukuwa na kitu cha kukamata.

La pili ni pale serikali "inapotoa dhamana" kwa mkopo wa shirika. Hapa mkopaji ni mwingine, serikali ni mdhamini, kama yule aliyesaini bondi mahakamani. Deni halionekani mpaka mkopaji ashindwe, ndiyo sababu wanasiasa wanalipenda. Kenya Airways ni mfano ulio wazi. Katika ukarabati wa madeni ya shirika hilo mwaka 2017, serikali ya Kenya ilidhamini mikopo ya dola milioni 750, sehemu kubwa yake kutoka benki ya Exim ya Marekani. Ndege zikalala chini wakati wa korona, shirika likashindwa, na Hazina ikaingia kulipa. Aliyesaini 2017 angeweza kusema hakuna pesa ya mlipa kodi inayotoka. Siku ile angesema kweli, kama mdhamini wa Saccos anavyosema kweli siku ya kwanza.

Mwandishi akiandika tu "dhamana za serikali zaongezeka" bila kusema ni zipi, msomaji hana njia ya kujua kama serikali inakopa zaidi au inawadhamini wengi zaidi.

Ile bandari

Desemba 2018 ilivuja barua ya ukaguzi kuhusu mamlaka ya bandari ya Kenya, ikionya kwamba mali za mamlaka zinaweza kuchukuliwa na benki ya Exim ya China endapo mkopo wa reli ya SGR hautalipwa. Mkopo ulisainiwa 2014, reli ya Mombasa hadi Nairobi ikafunguliwa 2017. Serikali ikakanusha, China ikakanusha, na bila mikataba kuonekana hakuna aliyewaamini. Kanusho bila karatasi halina uzito, na kwa hilo lawama ni ya waliozificha.

Barua ilisimama juu ya kifungu cha kuondoa kinga ya nchi. Kifungu hicho kinasema hivi: tukidaiana, sitajificha nyuma ya hadhi yangu ya kuwa nchi, nitakubali kushtakiwa. Kiko kwenye mikopo mingi ya kimataifa, ya Wachina na ya wengine. Kukubali kushtakiwa si sawa na kuweka rehani. Anayedaiwa deni la kawaida anaweza kupelekwa mahakamani, akashindwa, kisha mdai akatafuta mali ya kukamata. Aliyeweka rehani ameshataja mali kabla, na mdai anaijua namba ya hati. Sehemu ya mikataba iliyotolewa hadharani Novemba 2022, na watafiti waliochambua mkopo huo, hawakuonyesha bandari ikiwa imetajwa kama rehani.

Lakini kilikuwepo kitu kingine, nacho kilizungumzwa kidogo mno. Mamlaka ya bandari iliahidi kuipa reli kiasi cha mzigo kila mwaka, na mzigo ukipungua ilipe pengo. Ahadi hiyo ilikuwa sehemu ya ulinzi wa mkopo, pamoja na ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa kwenye bidhaa zinazoingia nchini. Ndiyo maana waagizaji walilazimishwa kusafirisha makontena kwa reli hadi Nairobi, watu wa malori na mabohari ya Mombasa wakaandamana, na agizo hilo likaja kuondolewa 2022. Kilichowekwa dhamana ni mapato, si gati. Wamombasa waliokosa kazi waliilipia dhamana hiyo bila Mchina kugusa hata jiwe la bandari.

Mfano wa Sri Lanka hutajwa kila mara kama ushahidi, na wenyewe umepinda. Bandari ya Hambantota ilikodishwa 2017 kwa kampuni ya China Merchants kwa miaka 99, kwa dola bilioni 1.12 hivi. Haikukamatwa kwa kushindwa kulipa mkopo wake. Serikali ya Sri Lanka iliuza ukodishaji kwa sababu ilihitaji dola, pesa hizo zikaenda kwenye akiba ya fedha za kigeni, na mikopo ya bandari ikabaki inadaiwa kama kawaida. Ni biashara ambayo mtu anaweza kuiita mbaya, ila si rehani iliyouzwa.

Wanaoitwa wadhamini

Anayedhamini timu ya mpira hupewa jina hilo hilo ingawa hana deni lolote: timu ikishuka daraja, hatozwi kitu. Yeye amenunua kifua cha jezi. Wadhamini wa msikiti, kanisa au chama, wanaokaa kwenye bodi ya wadhamini, ni wengine tena: wanashika mali isiyo yao kwa niaba ya wengi. Ndiyo "udhamini" uliomo kwenye jina la RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambako watu hudhani kazi yake ni vyeti vya kuzaliwa tu. Ukienda pale kutafuta mtu wa kumtoa kaka yako polisi, utarudishwa mlangoni.

Ughaibuni wa Ghuba yupo kafili, mwajiri anayekudhamini uingie nchini. Hapo neno limegeuka juu chini: mdhamini ndiye mwenye nguvu, na anayedhaminiwa ndiye anayeweza kupoteza makazi yake akigombana naye. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la kupata ruhusa ya mwajiri ili kuhama kazi. Kwingineko mabadiliko yamekuja kwa kiasi, na wafanyakazi wa majumbani mara nyingi wameachwa nje. Binti anayesafiri kwenda kule akiambiwa "una mdhamini, usiwe na wasiwasi," aulize nani anashika pasipoti.

Ya dukani, dhamana ya mwaka mmoja kwenye friji au simu, wengi siku hizi huiita waranti au garantii. Inamhusu aliyeitoa, na kwa kasoro za kiwandani. Simu iliyozama kwenye ndoo haimo. Kama aliyeitoa ni muuzaji wa kibanda kwa mdomo, dhamana yako ina urefu sawa na mkataba wake wa pango.

Anabaki waziri mwenye dhamana. Yeye kaahidi kusimamia maji, afya au ardhi, na aliyemwamini ni umma. Ukimpitisha kwenye maswali yale yale, la tatu linakwama: alichoweka ni kiti, nacho hakikuwa chake. Tanzania viongozi wa umma hujaza tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwaka kabla ya Desemba kuisha. Fomu ina nyumba, magari, mashamba na akaunti, vyote vimeorodheshwa kama kwenye maombi ya mkopo, na hakuna kinachoshikiliwa.